Chaneli Moja, Milingoti Miwili

Tulimzika Elibariki Jumamosi, nje kidogo ya mji wa Singida, upepo ukiwa umeyashika maturubai hadi vijana wakawa wanakalia kamba kuyazuia. Nilikaa mstari wa mbele. Hakuna aliyenipangia pale, nilikwenda mwenyewe, maana katika mji mzima hakuna mtu aliyegombana na marehemu kwa ukamilifu kama mimi, na hilo nalo ni undugu wa aina yake. Msomaji wa wasifu akafika kwenye habari za kazi, akasema marehemu ndiye aliyeleta waifai mjini kwetu, kisha wengine wakamfuata. Mzee aliyeketi kulia kwangu akanigusa goti na kuninong'oneza, "Wengine ndiyo wewe." Nikamjibu kwamba mimi sijawahi kuwa wengine. Baada ya kuzika tukala wali na maharage, na binti wa marehemu, Naomi, ambaye sasa ni mwalimu, akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu, akanipa shikamoo na kunishukuru kwa kuja. Halafu akasema jambo lililonifanya niweke sahani chini. "Baba mdogo, baba alikuwa anatusimulia kwamba mwaka ule alibakiza kidogo tu akushushe kwenye bati. Ni kweli?" Nikamwambia swali hilo halijibiwi msibani. Najibu hapa.

Habari za baba yangu, babu yangu na ng'ombe waliokuwepo au wasiokuwepo nyumbani, naziacha. Hazikunisaidia kusimamisha mlingoti. Itoshe kusema niliishia darasa la saba, na sijawahi kuona kwa nini nilitamke hilo kwa sauti ya chini. Leo minara yangu inatazamana kuanzia Singida mjini hadi Ikungi na kushuka Manyoni, nina vijana wenye digrii wanaoniita bosi, na gari langu likipita stendi bodaboda wananitambua kwa honi. Kabla ya hayo yote kulikuwa na mwaka mmoja, na huo ndio ulionitengeneza. Mengine yaliyofuata yalikuwa ni kuendelea tu.

Nilikuwa kijana, nimepanga chumba nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Mwenye mashine alikuwa mjane, Mama Rehema, mtu wa maneno machache na sauti nzito, ambaye wapagazi wenye mabega kama milango walikuwa wanamwogopa. Ukuta kati ya chumba changu na mashine haukufika kwenye bati. Juu ulikuwa umeachwa wazi ili joto litoke. Mashine ikinguruma, mtu akija kunitembelea tulikuwa tunaongea kwa mikono. Ikizimwa, nilisikia kila kitu cha upande wa pili, hadi mtu anayejikuna kidevu. Kila nilichokula mwaka ule kilikuwa na harufu ya mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa: chapati, chai, hata maji ya mtungi. Wasichana wa mtaani walikuwa wananinusa kabla ya kuniona, wanasema fundi huyo anapita, na mimi nilikuwa nafurahi, kwa sababu mtu anayejulikana bila watu kugeuka tayari amefika mahali.

Nyumba ya Mama Rehema ilikuwa kwenye mwinuko, ndiyo maana nilikitaka kile chumba na si kingine. Nilikuwa fundi wa madishi ya televisheni, lake nililitengeneza mimi, na kwa kuwa halikumsumbua tena aliniruhusu nisimamishe juu ya bati lake mlingoti wa mabomba ya chuma niliyoyachomelea mwenyewe. Intaneti ilikuwa inashuka kutoka setilaiti, inaingia kwenye dishi, inapita kwenye ruta chumbani kwangu karibu na kitanda, inapanda mlingotini, na kutoka pale inatawanyika hewani. Mteja alikuwa na kisanduku cheupe juu ya bati lake, kikubwa kama sahani ya chai, kinachoutazama mlingoti. Waya hakuna. Kati ya wateja nilikuwa na gesti ya karibu na stendi, nilikuwa na duka la pembejeo, nilikuwa na zahanati, na shule ya sekondari iliyokuwa ng'ambo ya ile miamba mikubwa ambayo mgeni akifika Singida anadhani imepangwa na mtu. Kila kitu changu kilikuwa juu ya lile bati. Nilikuwa nimeacha ufundi wa madishi, vifaa vya zamani nimeviuza ili nipate vipya, na kama mlingoti ule ungeshuka nilikuwa narudi kubeba magunia. Nilishawahi kuyabeba. Nayajua yalivyo.

Elibariki alikuwa na diploma ya mambo haya kutoka chuo cha Dar es Salaam, na duka la kompyuta upande wa sokoni, lenye viti vya kuzunguka na feni. Naye alisimamisha mlingoti wake. Nani alitangulia, wafiwa wanisamehe, lakini duka ni lake la kwanza na mlingoti ni wangu wa kwanza, na aliye hai ndiye anayeandika. Tatizo lilikuwa moja. Vifaa vya wakati ule vilikuwa na chaneli nyingi, njia za kupitishia mawimbi, kwenye orodha, ila zisizoingiliana zilikuwa tatu tu. Moja ilikuwa imejaa vifaa vya chuo, nyingine vya ofisi. Ikabaki ya tatu, na humo ndimo tulimokutana, kama watu wawili wanaoingia mlango mmoja kila mtu kabeba godoro.

Jumapili moja baada ya ibada akaja pale mashineni akiwa na suti na viatu vya kung'aa, akakaa kwenye benchi la wateja wa mafuta. Hakuzunguka. Akasema niko kwenye chaneli yake. Nikamuuliza aliinunua kwa nani.

"Nilianza kuitumia kabla yako."

"Kiwanja kina hati, ng'ombe ana alama. Chaneli yako ina nini?"

Alikuwa mkweli, hilo simnyimi hata leo akiwa ardhini. Akakiri kwamba masafa yale ni ya wazi, hayana mwenyewe, na mtu yeyote mwenye kifaa kinachokubalika anayatumia bila kumwomba yeyote. Nikamwambia basi amejibu mwenyewe.

"Bwana mdogo, kutokuwa na mwenyewe hakumaanishi ni yako."

"Wala si yako, Injinia."

Akainuka akapangusa suruali, akaondoka na kipande cha ganda la alizeti kimemganda nyuma. Sikumwambia.

Tukaanza kushindana kwa sauti. Nilimwagiza mtu Dar es Salaam akaniletea kikuza mawimbi, nikakifunga mlingotini, na kwa siku chache nilikuwa nasikika hadi kijiji ambacho sikuwa na mteja hata mmoja. Nilijiona mkubwa sana. Elibariki naye akaleta chake. Masafa ya wazi yana kiwango chake cha nguvu, na sote wawili tulikuwa tumekivuka, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kwenda kumshtaki mwenzake. Lakini intaneti ya mji ikafa. Watu wananiuliza hadi leo kwa nini, kama nilikuwa nasikika kote. Jibu ni kwamba mlingoti wangu ulikuwa unafoka na kisanduku cha mteja kilikuwa kinanong'ona. Mteja alinisikia vizuri kabisa, mimi sikumsikia yeye, kwa sababu palipokuwa na mnong'ono wake palikuwa pia na mfoko wa Elibariki. Na kwenye kazi hii kila neno lazima lijibiwe "nimepata". Lisipojibiwa linarudiwa, na likirudiwa linaongeza makelele. Sijutii kile kikuza mawimbi. Mtu ambaye hajawahi kupaza sauti hadi mwisho hawezi kujua mwisho wake uko wapi.

Kwenye mgahawa nilikokuwa nakunywa supu ya kuku wa kienyeji, nilisikia watu wa meza ya nyuma wakitujadili bila kujua nipo. Mmoja alisema ametuma picha ya vitunguu vyake kwa mnunuzi tangu asubuhi, na vitunguu vitaota kabla picha haijafika. Mwenzake akamshauri aende na vitunguu vyenyewe, basi lina nafuu. Wakacheka. Wa tatu akasema yule wa mashineni na yule wa sokoni ni kama wake wenza wanaomwita mume kwa wakati mmoja, mume anaishia kulala nje. Nilimaliza supu yangu, nikawapa mkono mmoja mmoja nikiwasalimia kwa heshima zote, nikatoka. Waliacha kucheka.

Siku iliyonigusa ni ile mashine ilipozimwa mchana nikiwa nimelala kitandani, nikasikia juu ya ukuta sauti ya Elibariki. Alikuwa anampa Mama Rehema shikamoo mara ya pili, na mtu mzima akitoa shikamoo mbili ujue ana haja. Akamweleza kwamba bati lake ndilo mahali pazuri kuliko pote mjini. Akasema yeye angeweka pale mlingoti mmoja wa maana, wateja wote, wake na wangu, wangeutazama huo, na ugomvi ungeisha. Mama Rehema akamuuliza, na kijana wangu je. Akasema, "Huyo nitamchukua, mama. Mikono yake ni mizuri. Atakuwa fundi wangu." Nikamsikia Mama Rehema anaguna kwa Kinyaturu, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo nadhani aliipeleka juu ya ukuta makusudi: "Sitaki kelele mbili kwenye nyumba yangu, mashine inanitosha. Nawapa mpaka alizeti mpya ianze kuingia. Mkiwa bado mnagombana, bati nakupa wewe." Nililala pale nikitazama bati ambalo si langu. Fundi wake. Angenilipa vizuri, najua, na angeniita jina langu kwa upole mbele ya wageni. Upole ule ndio ulionitia hasira.

Kabla alizeti mpya haijaanza kuingia, Mama Rehema alijaribu dawa yake. Alituita sote wawili kula kwake: ugali wa uwele, mlenda, na jogoo aliyechinjwa kwa ajili yetu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukataa. Akatuketisha kwenye mkeka mmoja na sinia moja. Akasema kwao Ikungi kiangazi wanachimba visima kwenye mchanga wa mto, na hakuna anayepiga kelele, kwa sababu kila ukoo una zamu yake. Ng'ombe wa watu wakija wakati si wao wanarudishwa, hata kama ndimi ziko nje. Basi na sisi tugawane: Elibariki asubuhi, mimi mchana, jioni kwa kupokezana. Asiye na zamu azime, na vile vikuza mawimbi tuvishushe. Elibariki alitaka kusema kitu, nikaona midomo inaanza, lakini paja la jogoo lilikuwa mkononi mwake na mwenye jogoo alikuwa anamtazama. Tukakubali.

Hakuna mahali pengine duniani, nadhani, ambapo watu wamewahi kuzigawia ruta zamu za kisima. Nasi tulifanya hivyo kwa uaminifu kabisa. Ikawa karaha ambayo sijaona tena. Asubuhi wauguzi wa zahanati walihitaji kutuma taarifa zao, nami nimezima, na chaneli yenyewe iko tupu kwa sababu wateja wa Elibariki wa asubuhi walikuwa bado wanafagia. Mchana ilikuwa zamu yangu, shule imefunga chumba cha kompyuta, maji yamejaa kisimani na hakuna ng'ombe hata mmoja, wakati dukani kwa Elibariki wanafunzi wa chuo wamekaa kwenye vile viti vya kuzunguka wanazunguka tu. Muuguzi mkuu akaja hadi mlangoni kwangu na gauni lake jeupe, akaniuliza kama wagonjwa nao wapange zamu ya kuumwa. Nikawasha, zamu isiwe zamu. Elibariki naye, nilikuja kujua, alikuwa ameshawasha tangu juzi yake.

Ndipo tulipoongea kwa mara ya kwanza kama watu wa kazi moja. Alinikuta juu ya bati nakaza nyaya za mlingoti, upepo wa Singida ule usiopumzika ukiuyumbisha, akapanda ngazi na viatu vyake vya ngozi, akakaa kwenye boriti. Alisema alitaka kutuambia pale kwenye sinia, akashindwa. Waliotengeneza kanuni za vifaa hivi walishawaza habari ya zamu, na wakaikataa kwa sababu hiyo hiyo: zamu ya mtu asiye na la kusema inapotea bure. Badala yake, kila kifaa kinasikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anasema, kinanyamaza. Kikisikia kimya, hakirukii; kinajichagulia namba kwa bahati nasibu, kinaihesabu kurudi chini, na mwenye namba ndogo anaanza. Wawili wakianza pamoja wanagongana, hakuna anayepata jibu la "nimepata", basi kila mmoja anachagua namba tena, safari hii kutoka fungu kubwa zaidi, ili wasikutane tena.

Nikamuuliza nani anasimamia. Akasema hakuna.

"Na mwenye diploma anapata namba ndogo?"

"Kifaa hakijui diploma."

Niliacha kukaza waya. Ninaweza kuwaonyesha hadi leo mahali nilipokuwa nimekanyaga, kwa sababu katika maisha yangu yote nilikuwa sijasikia sheria iliyonipendeza namna ile. Kila mlango niliowahi kubisha uliniuliza nimesoma hadi wapi. Benki waliniuliza. Hata mkwe wangu mtarajiwa wa wakati ule aliniuliza, ndiyo maana hakuwa mkwe wangu. Na hapa kulikuwa na mlango hewani usiouliza, hauna mwenyekiti, hauna kiti cha mbele, wa kwanza kufika na wa mwisho wanachagua namba kwenye kapu moja. Elibariki alikuwa anaeleza kama mtu anayesoma somo alilolisoma zamani likamchosha. Mimi nililisikia kama habari njema.

Nikamuuliza basi kwa nini bado mambo ni mabaya, maana vikuza mawimbi tumeshusha na zamu tumeacha. Akanyoosha mkono kwenye ile miamba. Akasema kusikiliza kunasaidia pale tu mnaposikiana. Kisanduku cha shule kiko nyuma ya mwamba. Kisanduku cha mteja wake, mwenye karakana, kiko mbele ya mwamba. Hawasikiani hata kidogo. Kila mmoja anasikiliza, anaona kimya, anaanza kusema kwa nia njema kabisa, na maneno yao yanagongana juu hapa, kwenye milingoti, inayowasikia wote wawili. Hakuna mkosaji. "Ndiyo maana namwambia Mama Rehema uwe mlingoti mmoja, wa kusimamia wote," akasema. "Kuna njia ya kuomba ruhusa. Mteja anatuma neno fupi, naomba kusema kwa muda fulani. Mlingoti unajibu, sema. Jibu hilo linasikika pande zote, na kila anayelisikia ananyamaza kwa muda huo. Ila lazima iwashwe kwenye kila kisanduku kwa mkono, na kurasa zote ni Kiingereza. Wewe hutaweza. Njoo kwangu, nitakupa kazi, tuimalize hii."

Nikamwambia mlingoti huu haushuki. Akaniuliza sasa nitafanya nini. Nikamwambia nitafanya tu. Mama Rehema aliponiita baadaye kunishauri nikubali, nilimpa jibu lile lile, kwa heshima zaidi. Mwenye gesti akanishauri. Muuguzi mkuu akanishauri. Watu walinionea huruma mwaka ule hadi nikawa napita njia za nyuma kuikwepa.

Sasa sikilizeni. Kiingereza nilikuwa sijui, kweli, na hata leo nakipiga kwa mabavu. Lakini macho nilikuwa nayo. Elibariki alikuwa ameshasema kitu kipo na kinawashwa kwa mkono, na mtu akishakuambia mlango upo, kilichobaki ni kupapasa ukuta. Nilikaa na kisanduku kimoja cha akiba mezani, nikafungua kurasa zake zote, nikabadilisha kitu kimoja kimoja na kukirudisha. Nikakikuta kwenye ukurasa wa mwisho, ule ambao watu hawaufungui: nafasi yenye namba kubwa. Ikiachwa kubwa, jambo zima limelala. Ukiishusha, linaamka. Mwanzo niliishusha hadi chini kabisa, na kisanduku kikawa kinaomba ruhusa hata kwa neno dogo kama salamu, kila kitu kikawa kizito. Nikaipandisha, nikaishusha, hadi nikapata pa katikati, ambapo mzigo mkubwa unaomba ruhusa na mdogo unapita wenyewe. Kisha nikaweka kompyuta begani na ngazi kwenye baiskeli, nikazunguka kwa wateja wangu bati kwa bati. Kwenye shule mwalimu wa zamu aliniuliza natafuta nini juu ya paa lao kwenye jua lile. Nikamwambia nafundisha adabu.

Hapo kuna jambo ambalo hata mimi sikulitarajia, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jibu la mlingoti linaposema "huyu asema, wengine nyamazeni", halichagui wa kuliheshimu. Kila kifaa cha kanuni ile kikilisikia kinanyamaza, hata kama ni cha mteja wa mtu mwingine. Mlingoti wangu ulikuwa kwenye mwinuko, ulisikika pande zote mbili za mwamba. Shule ikiomba, mimi nikijibu, karakana ya Elibariki inanyamaza. Zahanati ikiomba, wanafunzi kwenye viti vyake vya kuzunguka wananyamaza. Visanduku alivyovifunga yeye, kwa mikono yake na diploma yake, vilikuwa vinanitii mimi wa darasa la saba, na havikuwa vinaonewa, vilikuwa vinafuata kanuni. Wateja wangu wakaacha kuja mlangoni. Mtu asiye wa kazi hii hajui raha ya mlango usiobishwa hodi.

Alizeti mpya ikaanza kuingia. Asubuhi hiyo mikokoteni ilipanga foleni hadi barabarani, magunia yakashushwa, mashine ikafunguliwa ikapakwa grisi. Na Elibariki akaja, kama walivyoafikiana na Mama Rehema, na mafundi wake, ngazi ndefu, na mabomba mapya yasiyo na kutu yakiwa yamefungwa kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa nimepanda kwenye bati tangu kupambazuke, nimekaa nimeuegemea mlingoti wangu. Mama Rehema akatoka, akanitazama juu, akamtazama Elibariki chini. Akauliza kama bado tunagombana. Elibariki akasema chaneli bado ni mbovu. Mwenye gesti alikuwa kwenye foleni na magunia yake ya alizeti, na Mama Rehema akamgeukia yeye, akamuuliza intaneti ya kwake ikoje.

"Yangu siku hizi iko safi, mama," akasema. "Nasikia ya sokoni ndiyo inasuasua."

Watu wa foleni wakaguna. Mama Rehema hakucheka, hakuwa mtu wa kucheka, lakini alisimama kidogo akiifikiria ile kauli kama anavyoonja mafuta ya kwanza ya msimu. Kisha akawaambia wale mafundi warudishe mkokoteni nje, unaziba njia ya magunia. Akaniambia mimi nishuke, nitavunja bati. Mlingoti hakuutaja. Akaamuru mashine iwashwe.

Niliposhuka na kuingia chumbani kwangu, Elibariki alinifuata hadi mlangoni. Mafundi alikuwa amewaacha nje. Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi asogee karibu na sikio langu.

"Umewasha kile kitu," akasema.

"Nimewasha."

"Watu wangu wanakaa kimya kila ukikohoa. Na mimi nawasha leo kwa wateja wangu wote. Tuweke namba inayofanana, wewe na mimi, asiwepo wa kumkandamiza mwenzake. Milingoti ibaki miwili."

Nikamwambia nakunywa chai kwanza. Nilikuwa hata sijaimimina. Nikachukua kikombe, nikamimina, nikatia sukari, nikakoroga, nikamega chapati inayonuka mashudu. Elibariki akatazama saa yake, akatazama mlango, kisha akapindua gunia tupu, akalikung'uta, akalitandika sakafuni na kuketi na suruali yake ya kupigwa pasi. Nikanywa taratibu. Akangoja jibu langu.